Krimu ya tyubu kwenye ngozi ya mtoto wa shule: je, ni salama?

Mwezi wa saba Mwanjelwa ni baridi kali. Watoto wanakwenda shule asubuhi wamevaa masweta, mashavu yamekauka na midomo imepasuka. Miezi hii ndiyo akina mama wengi wananijia na maswali ya ngozi kuliko miezi mingine yote.

Mama mmoja anayeuza mitumba alikuja na binti yake wa miaka tisa, yuko darasa la tatu. Mtoto alikuwa amejifunika khanga mpaka puani. Mama akatoa mfukoni tyubu iliyokamuliwa mpaka mwisho, akaniwekea mezani.

"Nesi, hii dawa ilimponya siku ya tatu tu. Lakini nikiiacha, inarudi. Sasa imesambaa uso mzima na mtoto hataki kwenda shule, wenzake wanamcheka."

Alipofunua khanga, niliona mashavu mekundu yenye vipele vidogo, mishipa midogo ya damu inaonekana juu ya ngozi, na mabaka yasiyo na mpaka unaoeleweka. Yote hayo yalianza na duara moja dogo kama sarafu, karibu na sikio. Alikuwa amepakwa krimu ile kwa miezi minne.

Nikasoma maandishi madogo kwenye tyubu. Ndani yake kulikuwa na steroidi kali.

Mama huyu hakuwa mzembe. Alinunua dawa, akafuata alichoambiwa, akaona mtoto anapona. Naandika makala hii kwa sababu wengi wetu tungefanya kama yeye, na mimi mwenyewe niliwahi kufanya hivyo, kama nitakavyoeleza.

Steroidi ni nini?

Mwili wetu hutengeneza homoni inayoitwa kotisoli. Hutengenezwa na tezi mbili ndogo zilizo juu ya figo. Homoni hii husaidia mwili kuvumilia ugonjwa na majeraha, kutunza presha na sukari, na kutuliza uvimbe.

Wanasayansi walijifunza kutengeneza dawa zinazofanana na homoni hiyo, nazo ndizo tunaziita steroidi. Mwaka 1950 watafiti watatu walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yao juu ya homoni hizi. Mwaka 1952 madaktari wa Marekani wakaeleza jinsi hidrokotisoni ya kupaka inavyotuliza magonjwa ya ngozi. Ilikuwa faraja kubwa kwa wagonjwa waliokuwa wakijikuna usiku kucha.

Kwa hiyo steroidi ya kupaka ni dawa halali na nzuri. Imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Tatizo linaanza inapopakwa kama mafuta ya kawaida, bila kujua ni ya nguvu gani, inatibu nini na itumike kwa siku ngapi.

Steroidi za kupaka hazilingani nguvu. Hidrokotisoni ya asilimia 1 ni ndogo. Betamethasoni ni kali. Klobetasoli ni kali kupita zote, inaizidi hidrokotisoni nguvu mara mia kadhaa. Na zote zinaweza kuwa kwenye tyubu nyeupe ndogo zinazofanana, zimepangwa kwenye rafu moja.

Kwa nini inaonekana inaponyesha?

Hapa ndipo wengi tunadanganyika.

Ngozi ikishambuliwa na fangasi, mwili unapigana. Mapigano hayo ndiyo yanaleta wekundu, uvimbe na muwasho. Ukipaka steroidi, unawaambia askari wa mwili waweke silaha chini. Wekundu unapungua, muwasho unakwisha na ngozi inalainika. Siku ya tatu mama anasema, "Amepona."

Lakini fangasi hajafa. Yuko pale pale, na sasa hana wa kumzuia. Anasambaa polepole chini ya ngozi inayoonekana nzuri. Siku unapoacha krimu, mwili unaamka na kuona adui ameongezeka, muwasho unarudi mkali kuliko mwanzo. Unanunua tyubu nyingine. Mzunguko unaendelea.

Halafu kuna jambo la pili. Yale maduara yenye kingo zilizoinuka, ambayo hata bibi angeyatambua kwa jicho, yanapoteza sura yake. Mtoto akifika zahanati, hata mhudumu anaweza kushindwa kuona kwamba ni fangasi.

Mimi nilipomaliza diploma ya uuguzi, dada yangu aliniletea mwanaye akiwa na duara shingoni. Sikumuuliza mengi. Nilimnunulia krimu yenye dawa tatu ndani yake, nikijiambia kwamba moja kati ya hizo itafanya kazi. Ilikauka ndani ya wiki. Mwezi uliofuata mtoto alikuwa na maduara mgongoni, na mdogo wake anayelala naye alikuwa nayo tumboni. Nilimwomba dada yangu radhi, tukaanza matibabu upya. Tangu siku ile, sipendekezi krimu yoyote kabla ya kusoma kilichomo.

Mtoto si mtu mzima mdogo

Mama huniuliza, "Mbona mimi naipaka na sijadhurika?" Jibu liko kwenye mwili wa mtoto.

Ukilinganisha na uzito wake, mtoto ana eneo kubwa la ngozi kuliko mtu mzima. Kiasi kile kile cha krimu kinaingia kwenye mwili mdogo zaidi. Ngozi ya uso, kope, makwapa, sehemu za siri na kwenye mikunjo ni nyembamba zaidi, hivyo inapitisha dawa nyingi. Ngozi iliyochubuka hupitisha zaidi, na ukiifunika kwa nguo ya kubana au plasta unaongeza tena.

Dawa ikishaingia kwenye damu, mwili unaona homoni ipo ya kutosha na tezi zinapunguza kazi. Kwa klobetasoli, vipeperushi vya dawa vinaonya kwamba hata gramu 2 kwa siku zinaweza kuzizuia tezi hizo. Piga hesabu: tyubu ya gramu 15 ikiisha ndani ya wiki moja, mtoto anapakwa takriban gramu 2 kila siku.

Ndiyo maana vipeperushi vya klobetasoli vinavyotumika Marekani vinasema isitumike kwa mtoto aliye chini ya miaka 12. Hata kwa mtu mzima, isizidi wiki mbili mfululizo wala gramu 50 kwa wiki. Krimu yenye betamethasoni na klotrimazoli pamoja, huko huko, haipendekezwi kwa aliye chini ya miaka 17. Sasa fikiria binti wa miaka tisa, uso mzima, miezi minne.

Dalili kwamba krimu inamdhuru mtoto

Kwenye ngozi, angalia haya:

- Ngozi imekuwa nyembamba, inang'aa, inachubuka kirahisi.
- Mishipa midogo ya damu inaonekana mashavuni.
- Sehemu iliyopakwa imekuwa nyeupe kuliko ngozi nyingine.
- Michirizi mapajani, kwapani au tumboni kwa mtoto ambaye hajanenepa.
- Vipele kama chunusi kuzunguka mdomo, pua na macho.
- Vinyweleo vinaota usoni pale krimu inapopakwa.
- Kidonda kidogo kinachelewa kupona.

Kwenye mwili mzima, hasa kama krimu ni kali na imetumika muda mrefu:

- Uso umekuwa wa duara na mashavu yamejaa, huku mikono na miguu ikibaki myembamba.
- Uzito unaongezeka lakini urefu hausogei. Sare ya shule inambana tumboni, lakini suruali au sketi bado ina urefu ule ule.
- Mtoto anachoka, anaugua mara kwa mara.

Steroidi ikipakwa karibu na macho kwa muda mrefu inaweza kupandisha presha ya jicho au kuleta mtoto wa jicho. Mtoto hatakuambia kwamba haoni vizuri. Utasikia tu kwa mwalimu kwamba anakosea kunakili ubaoni.

Jifunze kusoma tyubu

Usiangalie picha ya uso mzuri wala maneno makubwa ya mbele. Geuza boksi, tafuta maandishi madogo. Kama macho hayakusaidii, mpe mtoto mkubwa wa shule akusomee herufi moja moja. Hizi ndizo steroidi utakazokutana nazo zaidi, zimeandikwa kama zilivyo kwenye boksi:

- Hydrocortisone: nguvu ndogo.
- Mometasone, Triamcinolone: nguvu ya kati hadi kali, kutegemea aina.
- Betamethasone: kali.
- Fluocinonide: kali.
- Clobetasol: kali kupita zote.

Ukiona maneno Valerate, Propionate au Dipropionate yamefuata jina la dawa kwenye tyubu ya ngozi, uliza kabla ya kupaka. Mara nyingi hizo ni steroidi.

Kuna mtego mmoja unaowanasa wengi. Clotrimazole na Clobetasol majina yanaanza kwa herufi zile zile. Clotrimazole ni dawa ya fangasi. Clobetasol ni steroidi inayomnenepesha fangasi huyo huyo. Mama anatumwa kununua moja, anarudi na nyingine. Ukiandikiwa dawa, omba jina liandikwe kwa herufi kubwa kwenye karatasi, na ulinganishe mwenyewe dukani kabla hujalipa.

Mtego wa pili ni krimu za "tatu kwa moja": steroidi, dawa ya fangasi na dawa ya bakteria kwenye tyubu moja. Zinapendwa kwa sababu zinaonekana zinatibu kila kitu. India, ambako krimu za namna hii zilitumika sana bila cheti cha daktari, madaktari sasa wanapambana na fangasi wa ngozi asiyesikia dawa za kawaida. Fangasi huyo alipewa jina lake mwaka 2020, na ameshaonekana katika nchi nyingine nyingi. Wataalamu wanaona matumizi holela ya krimu za mchanganyiko ni moja ya sababu. Hatuna haja ya kujifunza somo hilo kwa ngozi za watoto wetu.

Je, krimu ya mama ya kung'arisha?

Hili tulizungumze bila kuoneana haya. Nyumba nyingi zina kopo la mama la kung'arisha ngozi. Kuna anayenunua iliyofungwa vizuri, na kuna anayechanganyiwa mkorogo saluni. Watoto wanaona. Binti wa miaka 11 au 12 anayeanza kupata chunusi anaingia chumbani kwa mama, anachota kidole kimoja. Mama mwingine anampaka mtoto mwenyewe ili "atakate" kabla ya sherehe.

Sheria za nchi yetu haziruhusu vipodozi vyenye steroidi, haidrokwinoni au zebaki. Tangu mwaka 2019 vipodozi vinasimamiwa na Shirika la Viwango Tanzania, yaani TBS, na dawa zinasimamiwa na TMDA. Hata hivyo bidhaa hizo zinaendelea kuingia mitaani, na nyingine hazisemi ukweli juu ya kilichomo. Mkorogo hauna lebo kabisa. Aliyechanganya peke yake ndiye anajua, na wakati mwingine naye hajui.

Zebaki hupenya ngozi na inaweza kuharibu figo na ubongo. Inashika pia kwenye taulo, mashuka na mikono ya aliyepaka, kwa hiyo mtoto anaweza kuipata hata kama hajapakwa. Haidrokwinoni inaweza kuacha ngozi na weusi usiotoka. Kwa hiyo kopo hilo lisiwe pale mkono wa mtoto unapofika. Na kama unaweza kuliacha wewe mwenyewe, nenda kazungumze na mhudumu wa afya akusaidie kuliacha kwa utaratibu.

Basi, kuna wakati steroidi ni salama kwa mtoto?

Ndiyo. Sitaki mama asome makala hii kisha amnyime mtoto dawa aliyoandikiwa.

Mtoto mwenye pumu ya ngozi hujikuna usiku, hapati usingizi, asubuhi anasinzia darasani. Mikunjo ya viwiko na magoti inachubuka na kuingiwa na bakteria. Kwa mtoto huyu, steroidi ya nguvu inayofaa, kwa siku chache, ndiyo matibabu sahihi. Kumwacha ajikune miezi mitatu kwa sababu ya hofu nako ni kumdhuru.

Ili iwe salama, shika mambo haya:

1. Iandikwe na mhudumu aliyeiona ngozi ya mtoto kwa macho yake.
2. Uliza nguvu yake. Kwa uso na mikunjo, mara nyingi hidrokotisoni ya asilimia 1 inatosha.
3. Uliza siku. "Nipake mpaka lini?" ni swali halali. Usikubali jibu la "mpaka iishe".
4. Paka kidogo. Kamua krimu kutoka ncha ya kidole chako cha shahada mpaka kwenye mkunjo wa kwanza. Kiasi hicho, karibu nusu gramu, kinatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima, pamoja na vidole.
5. Paka sehemu yenye tatizo tu, mara moja au mbili kwa siku kama ulivyoelekezwa.
6. Nawa mikono baada ya kupaka. Usifunike kwa plasta au nailoni.
7. Usimgawie mdogo wake, wala mtoto wa jirani. Ngozi zinazofanana kwa macho si lazima ziwe na ugonjwa mmoja.

Kama ameshaitumia muda mrefu, usiache ghafla

Hapa nakuomba usome kwa utulivu.

Kama mtoto amepakwa krimu kali kwa siku chache kwenye eneo dogo, acha na umpeleke aonwe. Lakini kama ameitumia kwa wiki nyingi au miezi, hasa uso mzima au sehemu kubwa ya mwili, usiitupe siku hiyo hiyo na kusema yamekwisha. Ngozi inaweza kuwaka vibaya kuliko mwanzo. Zaidi ya hapo, tezi zilizokuwa zimepumzika huenda zisiwahi kuamka. Mtoto akipata malaria au homa nyingine wakati huo, mwili unaweza kukosa homoni ya kumsaidia kupambana.

Mpeleke kituo cha afya mapema, ndani ya siku chache. Beba tyubu zote, hata zilizoisha. Sema ukweli kuhusu muda. Hakuna atakayekufunga. Mhudumu anaweza kuamua kupunguza nguvu au siku taratibu, na kama kuna wasiwasi juu ya tezi, atampa rufaa.

Mkimbize hospitali mara moja kama mtoto aliyetumia krimu kali muda mrefu anatapika, analegea, anazimia, au anaumwa huku amepoa na hana nguvu. Sema mara tu ukifika: "Huyu amekuwa akipakwa steroidi." Sentensi hiyo moja inaweza kuokoa maisha yake.

Matatizo ya ngozi ya watoto wa shule na tiba zake

Ngozi kavu ya baridi. Huku kwetu Mbeya tuko juu, mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari, na Juni hadi Agosti hewa ni baridi na kavu. Hapa hahitaji dawa. Mwogeshe kwa maji ya uvuguvugu badala ya moto sana, tumia sabuni kidogo isiyo na manukato makali, kisha mpake mafuta ya mgando ngozi ikiwa bado na unyevu. Rudia usiku. Mafuta ya mgando ya kawaida, yasiyo na manukato, ni salama kwa mtoto wa umri huu na bei yake ni nafuu.

Mashilingi, wengine huita choa. Ni fangasi. Maduara yenye kingo zilizoinuka, katikati panaonekana pasafi. Dawa ni ya fangasi peke yake, kama klotrimazoli ya asilimia 1, mara mbili kwa siku, kwa wiki mbili hadi nne. Paka kupita ukingo wa duara, na uendelee siku kadhaa hata baada ya kuona pamepona. Taulo na mashuka yafuliwe na kuanikwa juani.

Mapunye ya kichwani. Nywele zinakatika, magamba yanaonekana. Krimu haitoshi kwa sababu fangasi amejificha ndani ya mzizi wa nywele. Mtoto anahitaji dawa ya kumeza, mara nyingi griseofulvini, kwa wiki sita hadi nane, pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta. Mwambie kinyozi asafishe mashine kabla ya kumnyoa mtoto wako na baada.

Upele. Unawasha zaidi usiku, kati ya vidole, viwiko, kiunoni, na mara nyingi zaidi ya mtu mmoja nyumbani anajikuna. Steroidi itaficha muwasho huku wadudu wakizaana. Nyumba nzima itibiwe siku moja, kwa dawa kama BBE, na uulize jinsi ya kuipunguza makali kwa mtoto. Fua nguo na mashuka siku hiyo hiyo.

Chunusi za binti au kijana anayebalehe. Steroidi huzizidisha. Anawe uso mara mbili kwa siku, asizitumbue, aache mafuta mazito usoni. Zikiwa nyingi au zinaacha makovu, mlete aonwe.

Maswali ninayoulizwa mara kwa mara

"Nesi, mbona niliuziwa duka la dawa kabisa?" Kuuziwa dukani hakumaanishi inamfaa mtoto wako. Maduka ya dawa muhimu yapo kutusaidia, na muuzaji aliyepata mafunzo anajua mengi, lakini yana orodha ya dawa yanayoruhusiwa kuuza. Muulize: "Hii ina steroidi? Mtoto wangu ana miaka tisa." Kama anasita, usinunue.

"Naogopa gharama na foleni." Nakuelewa. Lakini hesabu tyubu ulizonunua. Yule mama wa mitumba alikuwa amenunua tyubu zaidi ya kumi. Fedha hiyo ingetosha kumwona mhudumu, kununua dawa ya fangasi na kubaki na nauli ya bajaji.

"Na kama zahanati hawaelewi ni ugonjwa gani?" Omba rufaa. Chuo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo KCMC Moshi kimekuwa kikifundisha wataalamu wa ngozi tangu mwaka 1992, na wengine wao wanafanya kazi katika hospitali za mikoa. Uliza hospitali ya rufaa iliyo karibu nawe kliniki ya ngozi ni siku gani.

Binti wa darasa la tatu

Hatukumwachisha krimu siku ile ile. Daktari alimwona, akapunguza nguvu ya steroidi hatua kwa hatua huku akimpa dawa ya fangasi ya kumeza. Wiki mbili za mwanzo uso uliwaka, mama akanipigia simu akilia, akitaka kurudia tyubu yake. Nilimwomba avumilie na tukamrudisha kwa daktari. Mama alikwenda pia shuleni kuzungumza na mwalimu, ambaye alimruhusu mtoto avae kofia na akawakanya waliokuwa wakimcheka.

Mwezi wa kumi walipita kunisalimia. Mishipa midogo bado inaonekana kidogo kwenye shavu moja, na huenda itabaki. Lakini fangasi amekwisha na khanga haiko tena usoni. "Shikamoo nesi," alisema mwenyewe, kisha akanionyesha daftari lake la hesabu.

Leo jioni, kabla ya kumpaka mtoto mafuta, toa tyubu na makopo yote yaliyo kabatini na usome maandishi madogo. Ukikuta jina mojawapo kati ya niliyoyataja na hukumbuki nani alikuandikia, libebe kesho uende nalo kituo cha afya kilicho karibu nawe. Na kama jirani yako anapaka krimu ya namna hiyo, msomee ukurasa huu kwa upole. Naye anatafuta tu mtoto wake apone.